Kuzuia Viumbe Kuganda kwenye Meli: Kazi Inayoweza Kuanzia Mbeya

Ndugu walimu, ndugu wanafunzi,

Meli ikishushwa majini haikai safi hata siku moja. Dakika chache tu, protini na sukari zilizoyeyuka baharini zimeshajibandika kwenye bati. Baada ya saa chache bakteria wanafika na kutandaza ute. Unafuata mwani, kisha viluwiluwi vya viumbe wenye magamba magumu kama jiwe. Meli inakuwa nzito na mafuta yanaliwa.

Manahodha wetu wa pwani walipweleza jahazi, wakachoma tumbo lake kwa makuti, wakapaka deheni. Viwanda vilichagua sumu: rangi yenye tributilitini. Kule Arcachon, Ufaransa, chaza waliota magamba yenye kasoro. Konokono jike wa baharini wakaota viungo vya kiume. Mkataba wa kimataifa wa 2001, ulioanza kutumika Septemba 2008, uliipiga marufuku.

Ndiyo sababu tunawageukia vijidudu. Bakteria Pseudoalteromonas tunicata, anayeishi juu ya mnyama wa baharini Ciona intestinalis, hutoa vitu vinavyozuia viluwiluwi na mbegu za mwani kutua. Bakteria wa baharini aina ya Streptomyces nao wametupatia butenolaidi, kemikali zinazozuia viumbe kuganda, ambazo watafiti wa Hong Kong wamezifanyia kazi kubwa. Kigezo kinachotumika sana ni hiki: kiasi kinachozuia nusu ya viluwiluwi kuganda kiwe chini ya mikrogramu 25 kwa mililita, na kiasi kinachoua nusu yao kiwe zaidi ya mara 15 ya hicho. Tunatafuta kinachofukuza. Kinachoua tulishakuwa nacho, na madhara yake mmeyasikia.

Mbeya hatuna bahari, kwa hiyo jaribio la viluwiluwi lifanyike pwani. Lakini kuwatenga bakteria na kuwachuja kwa mara ya kwanza kunawezekana hapahapa.

Matope ya mikoko yakaushwe, kisha yapashwe nyuzi 55 hadi 60 kwa dakika 10. Bakteria wengi wanaokua haraka watakufa. Mbegu za Streptomyces zitastahimili. Pandeni kwenye aga (chakula kilichogandishwa cha kukuzia vijidudu) ya wanga na kaseini yenye nistatini ya kuzuia kuvu, iliyotengenezwa kwa chumvi ya bahari gramu 35 kwa lita. Msitumie chumvi ya mezani: haina magnesi wala kalisi ya kutosha, na baadhi ya vijidudu vya baharini havioti bila hizo.

Hapa kwenye otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu kwenye vyombo na aga, naomba tutulie. Pwani, geji ikisoma pauni 15 kwa inchi ya mraba, mvuke una nyuzi 121. Mbeya, kwenye mita kama 1,700, hewa ni nyepesi, na pauni 15 zilezile hufika kama nyuzi 118 tu. Ukishika dakika 15 za kitabu, mbegu sugu zinaweza kubaki hai, na wiki ya tatu utahangaika na makoloni ambayo hayakutoka baharini. Panda hadi karibu pauni 18 ikiwa chombo kinaruhusu. Kama hakiruhusu, kaa dakika 30.

Weka sahani kwenye nyuzi 28 kwa wiki tatu au nne, kingo zimezibwa zisikauke. Juni na Julai msitegemee joto la chumba. Koloni la Streptomyces utalijua: gumu, limezama kwenye aga, juu lina unga kama sembe, na mara nyingi linanukia udongo wa mvua ya kwanza.

Dondoo lake, yaani kemikali zilizokamuliwa humo kwa kiyeyushi, lijaribiwe kwenye sahani ya visima 96 pamoja na bakteria wanaojenga utando, ule ute wa mwanzo. Baada ya saa 24, pima kwanza ukungu wa maji, unaoonyesha wingi wa bakteria, kwa mwanga wa nanomita 600. Ndipo umwage, usuuze taratibu, utie kristali vayoleti, rangi inayoshika utando, ya asilimia 0.1 kwa dakika 15, usuuze tena, uyeyushe rangi kwa asidi asetiki ya asilimia 30 na kusoma nanomita 550. Vipimo vyote viwili vikishuka, huenda dondoo linaua au linadumaza. Ukungu ukibaki uleule na rangi ikashuka, hilo ndilo la kupelekwa pwani. Visima vyenye kiyeyushi peke yake visikosekane kamwe: DMSO, kiyeyushi kinachotumika sana, ikipita asilimia 1 inaweza kupunguza utando yenyewe, na sifa ikaenda kwa kijidudu kisichofanya kitu.