Bakteria Waliogoma Kuzaana

MWENDE: Kabla sijasahau, Baraka, leo umepiga mswaki?

BARAKA: Wee! Unaniuliza hivyo hewani?

MWENDE: Nauliza kwa sababu ya ukoga. Kile kitu chenye utelezi unachokisikia kwa ulimi asubuhi ni mji mzima wa bakteria. Wamejibandika kwenye jino, wakajifunika ute wao wenyewe. Huo ndio utando, na leo tunaufuata mpaka kwenye matangi ya viwanda.

BARAKA: Ambako nijuavyo wanauchukia. Unaziba mabomba.

MWENDE: Wengi wanauchukia, lakini wapo wanaoufuga. Shosho yako hakuwa akitengeneza muratina?

BARAKA: Alikuwa. Tafadhali chifu asisikie.

MWENDE: Na lile tunda la mwegea alilitupa pombe ikishaiva?

BARAKA: Thubutu! Linatolewa, linaanikwa juani, linangoja asali ya safari nyingine. La zamani lilithaminiwa kuliko jipya.

MWENDE: Kwa sababu hamira imejificha katikati ya nyuzi zake. Hamira si bakteria, lakini ujanja ni uleule: hufugi vijidudu upya kila mara, unawapa pa kushika kisha unabadilisha kinywaji tu. Mjerumani Schützenbach alitengeneza siki hivyo mnamo 1823. Pipa limejaa vibanzi vya mbao, bakteria wameshika juu yake, kileo kinadondoka kutoka juu, hewa inapanda kutoka chini.

BARAKA: Hewa ya nini tena?

MWENDE: Bakteria wa siki hawageuzi kileo kuwa asidi bila oksijeni. Na utando ukinenepa, wa juu wanaimaliza. Haishuki hata milimita moja. Wa ndani wapo tu.

BARAKA: Kama abiria wa kiti cha nyuma, matatu imejaa na madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya mvua.

MWENDE: Hao hao. Sasa twende Dagoretti.

BARAKA: Kichinjioni?

MWENDE: Kwenye matumbo. Kuna bakteria aitwaye Actinobacillus succinogenes, alipatikana kwenye tumbo kuu la ng'ombe, ingawa si ng'ombe wa huku kwetu. Anakula sukari, anavuta kabonidioksidi, anatoa asidi ya saksiniki. Inaingia kwenye vyakula, na hata kwenye plastiki zinazooza. Kwa miaka mingi viwanda vimeitengeneza kutokana na mafuta ya petroli.

BARAKA: Huyo naye anatengeneza utando?

MWENDE: Bila kuombwa. Mpe siku kadhaa, anajipaka kwenye kuta na vyuma vya tangi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria wameshughulika naye sana akiwa katika hali hiyo. Anapenda joto la nyuzi 37 hivi, na pH, yaani kipimo cha uasidi, karibu na 7. Shida ni kwamba asidi anayoitoa ndiyo inayomharibia nyumba, kwa hiyo wanaongeza kostiki soda kidogo kidogo kuipooza.

BARAKA: Mbona hilo linaonekana rahisi?

MWENDE: Ngoja. Hata pH ikitulizwa, asidi ikirundikana bakteria anaacha kuzaana. Lakini hafi, na haachi kazi! Anaendelea kugeuza sukari kuwa asidi, na kwa kuwa hajengi mwili mpya, sehemu kubwa zaidi ya sukari inaishia kwenye bidhaa.

BARAKA: Hee. Mwajiri gani wa Industrial Area asingempenda mfanyakazi kama huyo?

MWENDE: Ndiyo maana kwangu kasi ya mtiririko ni muhimu kuliko yote. Mwanzoni unapitisha sukari upesi. Wanaoelea wanasombwa, walioshika wanabaki na kuongezeka. Utando ukishatosha, unapunguza kasi: asidi inapanda, kuzaana kunasimama, kazi inaendelea. Angekuwa anaelea tu, ungebaki na tangi la maji matamu.

BARAKA: Na kukoroga?

MWENDE: Ukikoroga kwa nguvu utando unabaki mwembamba na mgumu, ukizidisha unaung'oa. Usipokoroga unanenepa, siku moja bonge zima linabanduka na vipimo vyako vya wiki nzima vinayumba. Mimi hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Chupa ya maabara unaweza kuilea. Tangi la lita elfu nyingi halibembelezwi hivyo.

BARAKA: Najua siku hiyo ya kuyumba. Mwaka mmoja mama aliona tunda la shosho limegandamana uchafu, akalisugua kwa maji moto na sabuni. Asali ilikaa siku tatu bila hata povu.

MWENDE: Alifagia mji mzima!

BARAKA: Shosho hakumsemesha mpaka Krismasi.