Ziwa likipanda, choo kinaenda wapi?

Mwangaluka jamani. Wa nyuma sogeeni, hapa Mwaloni, Mwanza, injini za mitumbwi hazinyamazi na mimi nina mafua.

Nimeambiwa niongelee tabianchi na afya, nikawaza nikianza na hewa ukaa mtaniacha mkaanue dagaa, kwa hiyo naanza na choo. Mwaka 2020 mnakumbuka Ziwa Victoria lilipanda mpaka kimo ambacho halikufika tangu 1964, mialo ikamezwa, watu wakahama, kila mtu anaulizia nyumba, hakuna aliyeuliza vile vyoo vya shimo vya ufukweni vimeenda wapi. Viko humo humo kwenye maji! Na asubuhi mtoto anachota ndoo pale pale. Kipindupindu kinataka nini tena zaidi ya hapo?

Hewa ikipata joto inabeba mvuke mwingi, digrii moja ni kama asilimia 7 zaidi, ndo maana mvua siku hizi ikishuka inashuka kwa fujo. Na sisi tumejenga juu ya mawe, hakuna udongo wa kunywa maji, kila uchafu wa mtaa wa Mabatini unateremka mto Mirongo, na Mirongo unamwaga wapi? (Watu: Ziwani!) Ehee.

Halafu malaria. Mbu akinyonya damu yenye vimelea haambukizi siku hiyo, mpaka vikomae tumboni mwake. Kwenye nyuzi 20 ni kama wiki nne, kwenye 25 ni siku 12 hivi. Mbu mwenyewe hana umri mrefu, kwa hiyo kwenye baridi wengi wanakufa kabla hawajatuletea shida. Joto likipanda hesabu inageuka, na wenzetu wa milimani ndo wanaumia zaidi maana miili yao haijaizoea kama sisi. Pakistan 2022 baada ya mafuriko, malaria ililipuka hivyo hivyo, maji yametuama kila mahali.

Ulaya 2003 joto peke yake liliua watu zaidi ya 70,000, wengi wazee (bibi yangu angeuliza watoto wao walikuwa wapi). Wao walihesabu. Huku mama akianguka kwenye vichanja saa saba mchana tunasema presha, au karogwa, tunazika, hakuna anayeandika joto.

Swali? (Mama mmoja: mkaa bei juu, maji ya kunywa tuchemshie nini?) Kweli mama, sibishi. Chuja maji kwa kitambaa safi, weka kidonge cha klorini kama pakiti inavyosema, subiri nusu saa ndo unywe.

Na wanaochimba choo kipya, hilo ziwa 2024 lilirudi tena juu, msipime kwa maji ya leo. Angalieni 2024 maji yaliishia wapi, tafuteni na mzee anayekumbuka 1964 awaonyeshe ya wakati huo, chimbeni juu ya yote mawili.