Unaongea na Nani? Mhadhara kwa Watangazaji Vijana wa Michezo

Ahsanteni. Kaeni, kaeni. Waliowahi kunisikia wanajua ninakoelekea, nawaomba wavumilie. Waliokuja wakitegemea mpira wa miguu nawapa pole mapema, maana leo ni mieleka, ile ya Kimarekani ya kwenye televisheni.

Nimeshasikia mnong'ono pale nyuma: "Mzee, ile si maigizo?" Ni maigizo, mwanangu. Mshindi anajulikana tangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na hiyo ndiyo sababu ya kuichagua. Kwenye mpira ukiwa mtangazaji mbovu, goli litakuokoa. Watu watashangilia hata kama umetaja jina la mfungaji siye. Kwenye mieleka hakuna wa kukuokoa. Mtu amelala katikati ya ulingo anahema, hana maiki. Kama mtazamaji hajaamini kwamba ule mkanda wa ubingwa una thamani na lile bega linauma kweli, wa kumwaminisha ni wewe peke yako. Ndiyo maana utangazaji mbovu wa mieleka unaonekana haraka kuliko wa mchezo mwingine wowote.

Swali langu ni lilelile ambalo wenzangu wananitania kwalo: ukishika maiki, unaongea na nani?

Twende Albany, jimbo la New York, Januari 19, 1992. Royal Rumble. Sheria mnaijua: watu 30, wanaingia mmoja mmoja, ukirushwa juu ya kamba na miguu yote miwili ikagusa chini, umetoka. Mwaka ule mkanda wa ubingwa wa kampuni ya mieleka ya WWF ulikuwa hauna mwenyewe, kwa hiyo atakayebaki mwisho ndiye bingwa. Mezani wako wawili. Mmoja ni Gorilla Monsoon, mpiganaji mstaafu, pande la mtu, sauti nzito, mwenye heshima zake. Wa pili ni Bobby Heenan, naye alikuwa meneja wa wapiganaji waovu miaka mingi. Kwa lugha yetu ya banda umiza, yale mabanda ya video, Monsoon ni wa upande wa staringi na Heenan ni wa upande wa adui. Na adui wake mpenzi usiku ule ni Ric Flair.

Sasa sikilizeni kazi inavyofanyika. Monsoon anatoa taarifa, kwa utulivu kabisa, kwamba hakuna aliyewahi kupata namba ya kwanza hadi ya tano akafika mwisho wa Rumble. Umeisikia, umeisahau. Muda mfupi baadaye namba tatu inaitwa, na anayetokea ni Flair. Heenan anapiga ukelele. Hasomi wasifu wala hatuambii Flair ana kilo ngapi. Amechanganyikiwa, na wewe uliyekaa nyumbani, hata kama humjui Flair, umeshaelewa kwamba kuna mtu hapa ana jambo kubwa la kupoteza.

Na anaendelea hivyo kwa muda wa saa nzima! Flair amedumu ulingoni karibu saa nzima usiku ule, na Heenan amedumu naye. Anamwombea, anawatukana wanaomgusa, analalamika kwamba Flair haonewi huruma. Anaingia Roddy Piper, yule anayevaa vazi la Kiskoti kiunoni. Piper anamshambulia Flair, Heenan anamtukana Piper. Anaingia Jake Roberts, naye anamgeukia Flair. Piper akamvaa Roberts, na kwa bahati tu Flair akaokoka. Papo hapo Heenan anamshukuru Piper, na anatamka kwamba lile vazi si sketi, ni vazi la heshima la Kiskoti. Sekunde chache, Piper huyoo, amemrudia Flair! Na Heenan, bila kuvuta pumzi: wewe mvaa sketi usiye na maana!

Chekeni, ni halali yenu. Lakini mkimaliza, hesabuni alichofanya. Pale ulingoni kuna vurugu. Watu saba wanane wanasukumana kwenye kona, jicho halijui likae wapi. Heenan amelishika jicho lako akaliweka kwa mtu mmoja kwa saa nzima. Amekueleza nani amemgeuka nani, mara tatu, ndani ya kichekesho kimoja. Hajataja mbinu hata moja, hiyo kazi kamwachia Monsoon. Na Monsoon anajua zamu yake: anamkemea, anamwambia "hebu acha!", anarudisha mambo kwenye mstari, halafu anampa tena nafasi ya kuharibu. Wawili wale wanaongeana. Wewe mtazamaji unahisi umekaa nyuma yao unawadukua.

Mwisho wamebaki watatu: Flair, Sid Justice na Hulk Hogan, staringi mwenyewe. Sid akamrusha Hogan nje. Sasa Hogan, badala ya kukubali na kwenda zake, anasimama chini pale na kumvuta Sid mkono. Flair akaja kwa nyuma, akamsukuma Sid, kwisha. Sauti ya Heenan pale mwisho ni ya mtu aliyelipwa deni alilokuwa ameshalisamehe. Ulikuwa unamchukia Flair tangu mwanzo, na bado unajikuta umemfurahia mzee Heenan.

Kuna mtu atasema: lakini Heenan huyohuyo ndiye aliyeharibu siri kubwa kuliko zote. Nalijua hilo, nimebishana juu yake mpaka nimepoteza marafiki. Julai 1996, Daytona Beach, onyesho la Bash at the Beach la WCW, kampuni pinzani ya WWF. Wapiganaji waovu Scott Hall na Kevin Nash wana mwenzao wa tatu ambaye hajulikani. Hogan anatokea, umma mzima unaamini amekuja kuokoa jahazi. Heenan, ambaye sasa yuko kampuni hiyo, anauliza kwa sauti: lakini yuko upande gani? Na kweli, Hogan ndiye alikuwa wa tatu. Watu wakasema Heenan ameropoka.

Mimi nasema hapana. Mtu huyu alikuwa meneja wa lile jitu Andre the Giant dhidi ya Hogan pale Pontiac mwaka 1987. Miaka kumi alikuwa akituambia Hogan si mtu wa kuaminika. Angenyamaza siku ile, ndipo ningeshangaa. Aliongea kama Bobby Heenan, si kama mfanyakazi aliyepewa karatasi. Na tuliokuwa tunamwona mwongo miaka yote tukabaki vinywa wazi: kumbe alikuwa anasema kweli! Anayetaka kunipinga atanikuta nje, wakati wa chai.

Sasa upande wa pili. Januari 4, 1999. Tony Schiavone wa WCW, huyu si mtangazaji mbovu, nisisitize. Usiku ule Hogan alipogeuka pale Daytona, Schiavone alimwambia hewani aende motoni, na ilimtoka moyoni. Lakini siku hii WCW iko mubashara kutoka Atlanta, na wapinzani wao wa WWF wanarusha kipindi kilichorekodiwa siku kadhaa kabla, ambamo mpiganaji wao Mick Foley anatwaa ubingwa kwa mara ya kwanza. Bosi wa WCW, Eric Bischoff, akaagiza matokeo yatajwe hewani ili watu wasihame. Schiavone akayataja, akaongeza kejeli: eti Foley bingwa, hapo ndipo viti vitajaa kweli.

Watazamaji kwa mamia ya maelfu wakabadilisha chaneli wakaenda kumwona Foley akishinda.

Kejeli ile Schiavone alikuwa anamwambia nani? Hakuwa anamwambia mtazamaji. Mtazamaji alimpenda Foley, alimwona akiumia miaka yote. Kejeli ilikuwa ya bosi kwenda kwa bosi mwenzake, imepitia kinywani mwa mtu wa tatu. Mkichukua kitu kimoja tu leo chukueni hicho: ukiona mtangazaji anamdharau aliyeko ulingoni, tafuta nani anaongea kwenye hedifoni yake.

Na kule WWE, ndiyo WWF ileile iliyobadili jina, hedifoni ile ilikuwa na mwenyewe: bosi wa kampuni. Vince McMahon alikuwa mtangazaji kabla hajawa tajiri, na alipotoka mezani hakutoka kweli. Alikaa nyuma ya pazia akiwapigia watangazaji kelele masikioni: sema hivi, taja hiki, usitumie neno lile. Foley mwenyewe alijaribu kukaa mezani mwaka 2008, hakudumu, na sababu aliyoitoa ni zile kelele. Mtu aliyestahimili kuanguka kutoka juu ya kizimba, lile tundu la chuma linalofunika ulingo, akashindwa na hedifoni! Kwa hiyo mnaponiambia Michael Cole wa WWE ni mtangazaji mbovu, nawauliza: Cole yupi? Yule wa miaka ya 2010 aliyekuwa anasoma matangazo ya biashara katikati ya pambano? Mbovu, nakubali. Lakini alitoka kuwa mwandishi wa habari wa redio ya CBS. McMahon alipoondoka mwaka 2022, wengi tulimsikia Cole akianza kuvuta pumzi. Mtu yuleyule, maiki ileile.

Nanyi mnaotangaza ligi zetu msicheke sana. Nawasikia. Mpira uko hatarini langoni na mtu anasoma tangazo la saruji.

Nirudi kwenye kizimba. Juni 28, 1998, Pittsburgh. Mpiganaji Undertaker anamtupa Foley, aliyekuwa akiitwa Mankind, kutoka juu ya kizimba, kama mita tano, anatua juu ya meza ya watangazaji wa Kihispania. Mtangazaji Jim Ross anapiga kelele kwamba wamemuua. Watu wanazikumbuka kelele. Mimi nawataka msikilize zile za baadaye, Foley alipopanda tena akaanguka mara ya pili, safari hii paa la kizimba limeachia naye akatua ndani ya ulingo. Ross anaomba mtu asimamishe pambano. Haongei tena na wewe. Anaongea na refa, na kampuni yake mwenyewe, na yeyote mwenye mamlaka. Hapo ndipo ngozi inasisimka. Na aliweza kwa sababu siku nyingine zote alikuwa anatangaza kama mchezo halisi. Angekwambia jamaa huyu alicheza mpira wa Kimarekani chuo kipi, goti gani liliumia. Ukipiga kelele kila wiki, siku ya kelele utakuwa na nini?

Huyohuyo Ross, Mei 23, 1999, Kansas City, mpiganaji Owen Hart alianguka kutoka juu akishushwa ulingoni, akafariki. Ross alilazimika kuwaambia watazamaji wa nyumbani kwamba hii si sehemu ya onyesho, na baadaye kuwatangazia kifo. Sentensi fupi, sauti ya chini. Na Cole, Septemba 2012, Montreal, mtangazaji mwenzake Jerry Lawler alipopatwa na mshtuko wa moyo pembeni yake: alinyamaza kutangaza mapambano, akawa anatoa taarifa ya mgonjwa tu. Usiku ule hakuna aliyemwita mbovu.

Muda... naambiwa zimebaki dakika tano. Basi mpiganaji Kamala, nisimwache, anatuhusu. Tuliambiwa ni jitu la Uganda, mla watu, aliyekuwa mlinzi wa Idi Amin. Kapakwa rangi usoni, miguu peku, haongei. Alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, aliyewahi kuendesha lori. Jerry Lawler niliyemtaja sasa hivi alishiriki kumbuni kule Memphis mwaka 1982. Mtu ataniambia mieleka yote ni uongo, mbona huu ndio unakuudhi? Andre pia walituambia hajawahi kunyanyuliwa na kubwagwa, ilhali Hogan alishambwaga Shea Stadium mwaka 1980. Kweli. Ila uongo wa Andre ulimkuza Andre. Uongo wa Kamala ulimfanya Harris kuwa mnyama na Uganda kuwa pori, na mtangazaji aliyeusoma hakuwaza kabisa kwamba mtoto wa Kampala au Mwanza naye ana televisheni. Hakuwa anaongea na sisi. Tulikuwa tunapita tu.

Nilitaka kuwaeleza mtangazaji Gordon Solie wa Florida, na Japani, na namna wasimuliaji wa filamu, Lufufu wetu na DJ Afro wa Kenya, walivyojua kuongea na mtu aliyekaa kwenye benchi kuliko wengi wenye studio. Nayaruka yote. Kunyamaza kwa mtangazaji nako nilikuwa nimekuandalia nusu saa, naona kumejifanyia kwenyewe.

Jamaa wa mitambo, tuwekee dakika tatu za mwisho za ile Rumble, toa sauti kabisa. Watu wawili waje mbele, mmoja Monsoon, mmoja Heenan. Atakayesema "naam, mtazamaji" anarudi kukaa. Wewe wa pale nyuma, wa maigizo, njoo. Utakuwa Heenan.