Sili mpya, mlango haukai: jibu langu kwa wanaoniuliza kuhusu MGB

Habari zenu nyote mnaonitazama kutoka nyumbani, na wakubwa zangu shikamooni. Swali ni lile lile kila video: "Fundi, sili umeweka mpya, mbona mlango umekataa kukaa? Si upige puti umalize?" Sili ni ile boriti ya mabati inayopita chini ya mlango, na puti ni ile pasti ya kusawazisha bati kabla ya rangi. Wengine wanaliuliza kwa nia njema. Wengine wanaandika kwamba najionyesha na gari la zamani huku Uingereza, halafu nikitaja bei ya bati naambiwa nalia njaa nikiwa Ulaya. Sijionyeshi, na silalamiki. Nimeulizwa jambo la ufundi na nitalijibu kwa ufundi. Jinsi ya kushika mashine ya kuchomelea sitaeleza, mafundi wa Gerezani kule Dar es Salaam na Grogan kule Nairobi mnaijua kazi hiyo bila mimi.

Nitatumia MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ile ya wazi isiyo na paa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha tatizo hili waziwazi kuliko gari lolote ninalolijua. Ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Haina chesisi, yaani fremu ya chini, ya kujitegemea, bodi lenyewe ndilo chesisi. Sasa toa paa kwenye bodi la namna hiyo, kinachobaki kuunganisha mbele na nyuma ni nini? Ni handaki la gia katikati, sakafu, na sili mbili za pembeni. Ni kama boksi la viatu lililotolewa mfuniko: ukilishika kwenye ncha mbili linapinda katikati. Kwa hiyo unapokata sili unakata mfupa wa gari, na mtu anayeiita "lile bati la kupambia chini ya mlango" ameshaanza vibaya.

Sili ya MGB si bati moja. Kuna bati la nje unaloliona, kuna bati la kati lililosimama wima ndani yake, kuna sili ya ndani inayoshikana na sakafu, na chini yake kuna reli yenye meno meno. Vyote vinne vikishikana vinafanya boksi mbili zilizobanana. Kutu inaanzia ndani, kwenye bati la kati, ambako macho hayafiki. Ukibadilisha bati la nje peke yake umeficha ugonjwa. Na ukipachika lile bati la kufunika juu ya sili iliyooza, umetengeneza mfuko wa kuhifadhi maji.

Sasa mlango. Kabla hujashika grainda, jua mlango umekaa vibaya kwa sababu gani, maana kuna sababu mbili zinazofanana kwa macho na tiba zake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni bawaba. Fungua mlango nusu, shika ncha ya nyuma, inyanyue kwa mikono. Ikicheza juu chini, pini za bawaba zimelika. Mlango wa namna hii umeshuka nyuma: mwanya wa chini nyuma umebana, ule mkanda wa kromu wa ubavuni uko chini kuliko ule wa bodi la nyuma, na ukifunga unasikia kitasa kinaunyanyua mlango.

Ya pili ni bodi lenyewe kuinama katikati. Hapo bawaba hazichezi, lakini mwanya wa nyuma ya mlango una umbo la kabari: juu umebana, chini umeachia. Maana yake nguzo ya bawaba na nguzo ya kitasa zimeegemeana kwa juu. Ukitaka uhakika, weka jeki katikati ya gari chini ya reli, na ubao mpana juu yake ili usitoboe sakafu, unyanyue taratibu huku mtu anatazama mwanya. Mwanya wa juu ukifunguka, jibu umelipata. Shimu za bawaba, yaani vile vibati vyembamba vya kupachika nyuma yake, hazitatibu hilo hata ukiweka kumi.

Gari nyingi zina yote mawili. Anza na bawaba. Badilisha pini au bawaba nzima KWANZA, kisha ndipo upime. Ukipima kwa bawaba zilizolika, kila namba utakayoandika ni ya uongo na sili yako mpya itafuata uongo huo.

Jinsi gari linavyosimama ndiko wengi wanakopotea. Usiliweke kwenye stendi za jeki katikati, wala usilitundike kwenye mtambo wa kuzungusha bodi kabla sili hazijashikana. Stendi ziwe mbele karibu na boriti inayobeba springi za mbele, na nyuma karibu na vishikio vya springi za majani, yaani pale gari linapobebwa likiwa barabarani. Tumia pimamaji kushoto kulia, mbele na nyuma. Injini na gia vikiwa vimetolewa, bodi linakaa tofauti na litakavyokaa vikirudi. Kwa hiyo kama unaweza, pima mianya injini ikiwa ndani, andika, kisha pima tena ukishaitoa. Ile tofauti ndiyo utakayoiweka akilini wakati wa kufunga sili.

Pima hivi: upana wa tundu la mlango kwa juu, upana kwa chini, na pembe kwa pembe pande zote mbili. Toboa alama ndogo kwa ponchi kwenye nguzo ili futi kamba iguse pale pale kila mara. Andika namba kwenye tepu ya karatasi ubandike kwenye dashibodi. Daftari linapotea, tepu haitoki.

Kisha funga gari kwa vyuma. Skwea paipu ya milimita 25 kwa 25, unene wa milimita 2, mbili kila upande, moja ya juu na moja ya mshazari, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Ongeza moja inayokatisha gari kutoka kushoto kwenda kulia. Sikilizeni hapa: vyuma hivyo vikae upande wa NDANI ya tundu, ili mlango uweze kufunga navyo vikiwa mahali pake. Picha nyingi mtandaoni zinaonyesha vyuma vimejaza tundu lote, mlango umewekwa pembeni ya ukuta. Fundi huyo anachomelea bila kipimo. Mlango ndio kipimo chenyewe! Ukipata paipu yenye skruu ya kurefusha na kufupisha katikati ni bora zaidi, maana unaweza kuisukuma nguzo milimita 2 au 3 kurudi ilikokuwa kabla ya kuanza kukata.

Niseme kuhusu pesa, najua mnasubiri. Kampuni ya British Motor Heritage bado inatoa mabati ya MGB, na tangu 1988 imekuwa ikitoa hata bodi zima. Kuna mabati mengine ya bei ya chini, na hapa ndipo ninapokereka. Bati la bei ya chini mara nyingi mkunjo wake wa juu si mkali, au ncha yake ni fupi, nawe hujui mpaka ulibane kwenye gari. Ukishalibana limekwaruzika, na wauzaji wengi huku hawapokei bati lenye mkwaruzo. Bei kwenye tovuti wakati mwingine haijajumlisha VAT ya asilimia 20 wala usafirishaji, na sili ni kitu kirefu, usafirishaji wake si wa bahasha. Ushauri wangu, na ni wangu mimi tu: likifika lipime juu ya meza kwa rula ndefu kabla ya kulibana popote, na lipige picha likiwa bado na karatasi yake.

Makaratasi nayo. Wanaosema "huko gari la zamani halikaguliwi", mko sahihi nusu. Tangu Mei 2018 gari lililofikisha miaka 40 linaweza kusamehewa MOT, ule ukaguzi wa usalama wa kila mwaka huku Uingereza, mradi halijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Kurudisha sili za muundo ule ule wa awali hakuhesabiwi kuwa mabadiliko makubwa. Lakini jukumu la gari kuwa salama barabarani linabaki kwako. Na ukilipeleka kukaguliwa kwa hiari, kama ninavyopendelea, kutu ndani ya sentimita 30 kutoka vishikio vya mikanda au springi inaweza kukuangusha. Weka risiti na picha za kila hatua, bima ya thamani ya makubaliano, ile mnayokubaliana thamani ya gari mapema, itakuuliza. Na wale wa "lete Mombasa": Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililozidi miaka 8, kwa hiyo hilo si suala la kuamua jioni moja.

Turudi kazini. Upande mmoja kwa wakati mmoja. Usikate sili zote mbili siku moja hata kama una vyuma vya kushika, sitabadilisha kauli hapo. Madigadi ya mbele ya MGB yanafungwa kwa bolti, yatoe. Ya nyuma yamechomelewa, na sili inapita nyuma ya ncha yake ya chini, kwa hiyo lazima ukate kipande hicho cha chini na baadaye ukirudishe. Wanaokwepa hatua hii wanaikata sili fupi na kuiishilizia kwenye ukingo wa madigadi. Kwa macho inapendeza. Nguvu haipo, kwa sababu boksi halijafika mwisho wake.

Rudisha reli, sili ya ndani na bati la kati kwanza, na upime pembe kwa pembe baada ya kila kimoja. Bati la nje ni la mwisho. Libane kwa klempu tu, au skruu ndogo za bati, usichomelee hata doti. Rudisha mlango, rudisha madigadi kwa bolti tatu nne, funga mlango, tazama. Ninachotafuta ni mwanya wa milimita 4 hadi 5 kuzunguka mlango wote. Chini, kati ya mlango na sili, uwe sawa kutoka mbele hadi nyuma. Uso wa sili uwe sawa na uso wa mlango au uingie ndani milimita 1, usitokeze nje kamwe. Kumbuka rangi na praima kwenye kingo mbili zinakula sehemu ya milimita, kwa hiyo mwanya wa milimita 3 kwenye bati tupu ni mdogo mno.

Mpira wa mlango usiuweke bado. Weka mianya bila mpira na bila kipokea kitasa, kisha uvirudishe viwili hivyo ujaribu tena. Mipira mingi mipya ni migumu kuliko ya zamani na inausukuma mlango nje kwa nyuma. Watu wanakunja mlango wakati kosa ni la mpira.

Ukiridhika, piga doti, moja mbele, moja nyuma, moja katikati. Fungua na ufunge mlango baada ya kila doti tatu. Chomelea kupitia matundu ya milimita 6 hadi 8, yakiachana kama sentimita 3, huku ukiruka kutoka ncha hadi ncha. Bati likipoa linajikunja, na ukichomelea mstari mmoja mfululizo sili itavuta nguzo pamoja nayo. Mwanya uliokuwa milimita 5 asubuhi utaukuta 3 jioni. Praima ya zinki kati ya mabati kabla ya kubana, nta ya ndani baada ya rangi, na matundu ya kutoa maji yabaki wazi.

Kama bado kuna kasoro ndogo, sasa ndiyo zamu ya shimu. Shimu nyuma ya bawaba ya chini inasukuma chini ya mlango kwenda nyuma, na ncha ya nyuma inapanda. Bawaba zikiachana sentimita 30 na mlango ukiwa na urefu wa mita 1, shimu ya milimita 1 inanyanyua nyuma karibu milimita 3, kwa hiyo anza na nusu. Mlango ukitokeza chini na kuzama juu, weka kipande cha mbao laini kati ya mlango na nguzo kwa juu, usukume chini kwa goti, kidogo kidogo. Mwanya ukiwa mpana sehemu moja tu, chomelea waya mwembamba kwenye ukingo wa mlango kwa doti fupi, upoze, ulainishe kwa faili.

Na puti? Puti ni ya kusawazisha uso, milimita 2, ikizidi sana 3. Haijazi mwanya. Ukingo wa mlango unagongwa kila siku, puti ya pale itapasuka, maji yataingia nyuma yake, na sili uliyoilipia itaanza kuoza.

Gari lako si langu, na mfuko wako si wangu, kwa hiyo chukua unachoona kinakufaa. Wenye Volkswagen Beetle nyumbani, kanuni ni ile ile kwenye yale mabomba ya joto ya chini ya milango, mlango uwe umening'inia kabla hujachomelea. Atakayeuliza chini hapo aandike aina ya gari na mwaka, vipimo vya mwanya wa juu na wa chini mbele na nyuma ya mlango, na kama injini imo au imetolewa. Bila hayo siwezi kumjibu.