Shujaa Aliyefichwa na Kiambishi: Jinsia katika Kisakale cha Silence

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni wetu, nawashukuru kwa kufika. Husemwa mara kwa mara kwamba waandishi wanaosimulia upya visakale vya zama za kati huvipenyezea maswali ya jinsia ambayo watu wa kale hawakuyajua. Leo nakusudia kuipinga kauli hiyo kwa kisa kimoja tu.

Mwaka 1911, katika jumba la Wollaton mjini Nottingham, Uingereza, kasha lililoandikwa kwamba lina karatasi kuukuu zisizo na thamani lilifunguliwa, na ndani yake mkakutwa muswada wa utenzi wa Kifaransa cha kale, wa karne ya 13, wenye mistari zaidi ya 6,600, wa mtunzi aliyejiita Heldris wa Cornwall. Katika utenzi huo, mfalme Ebain wa Uingereza amepiga marufuku wanawake kurithi. Cador na mkewe Eufemie wanapojaliwa binti, wanamlea kama mvulana ili mali isiwaponyoke, nao wanampa jina la Silence, yaani Ukimya. Silence anatoroka na waimbaji wa kutangatanga, anajifunza kupiga kinubi, kisha anakuwa mpanda farasi hodari wa vita, hata malkia anamtamani, naye anamkataa.

Sehemu inayonivutia zaidi inatangulia vita hivyo. Maumbile na Malezi, ambao mtunzi amewafanya wahusika wanaosema, wanamjia Silence kama wazee wawili wanaogombea mtoto. Maumbile anamtaka aache kuzurura msituni akajifunze kushona. Malezi anamfukuza Maumbile. Akili, naye mhusika wa namna hiyo, anaingia kati. Silence anajipima mwenyewe, akaona mdomo wake ni mgumu mno kwa kubusu na mikono yake imekakamaa mno kwa kukumbatia. Sisi tuliokuzwa kwa methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo tungedhani shauri limekwisha hapo, lakini mtunzi haliachii kirahisi hivyo. Aliyeyaandika hayo zaidi ya miaka mia saba iliyopita hakungoja mtu wa leo aje kumfundisha kwamba mwili ni jambo moja na malezi ni jingine.

Alex Myers alikirudia kisa hiki katika riwaya ya mwaka 2020, na mwaka 2022 Nicola Griffith alimfanya Percival, mmoja wa mashujaa wa visakale vya mfalme Arthur, kuwa mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake. Swali la jinsia wamelirithi. Kazi ngumu kwa yeyote anayekigusa kisa cha Silence ni mwisho wake, kwa kuwa Merlin, yule mchawi wa visakale, anafichua siri mbele ya watu, malkia anauawa, Silence anavuliwa mavazi ya kiume, na Maumbile anamsugua kwa siku tatu kumwondolea weusi wa jua. Kisha jina la Kilatini la kiume, Silentius, linabadilishwa kuwa la kike, Silentia, na mfalme anamchukua awe mkewe.

Mtunzi wa Kifaransa alilazimika kuchagua mara nyingi baina ya kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, naye huyumba baina ya hivyo viwili. Sisi tuna kiambishi “a-” kisichouliza neno: alipanda, alipigana, aliimba. Nilipojaribu kutafsiri vipande vichache nilikwenda mbali sana bila kumvua Silence vazi lake, na nakiri nilijiona fundi.

Kisha nikafika harusini. Lugha iliyokuwa imenistahi muda wote ikadai jibu, maana kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na hakuna kiambishi cha kujifichia hapo. Nilifikiria kuandika “wakaoana”, kauli ya kutendana inayowaweka wote wawili sawa, na ambayo bila shaka ingewapendeza wasomaji wa leo. Lakini katika utenzi Silence anamwambia mfalme amfanye apendavyo, na baada ya hapo hatusikii tena sauti yake. Nikaandika: akaolewa.