Kitafunwa cha Paka na Tumbo Lake

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa barazani kule nyuma. Kibakuli hiki nilichokiweka mezani kina vidonge vya kuku na boga, chakula cha paka. Nimevipika jana usiku hapa hapa Unguja, kwa jiko la mkaa. Lakini kabla ya mapishi, tuzungumze kwanza juu ya maziwa.

Nyumbani kwa bibi yangu palikuwa na paka wa rangi ya majivu. Kila asubuhi, chai ikishamiminwa, bibi alimtilia maziwa kisahanini, nami nikakaa kitako kumtazama akilamba. Paka yule aliharisha miaka. Tulimwita mchafu, tukamtoa ukumbini kwa fagio, na kesho yake tukamtilia maziwa tena. Nilikuja kuelewa nilipokwenda kusomea udaktari wa mifugo, na mpaka leo nikimkumbuka huona uchungu. Kitoto cha paka kina kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Akishaacha kunyonya, kimeng'enya hicho hupungua. Maziwa yakiingia tumboni mwa paka mzima, sukari ile hubaki nzima utumboni, huvuta maji, vijidudu huichachusha, tumbo hujaa gesi na choo hutoka majimaji. Mtaniuliza, mbona anayapenda? Anafuata mafuta. Utamu wenyewe hausikii: mwaka 2005 watafiti wa Kituo cha Monell kinachochunguza ladha na harufu, Philadelphia, Marekani, walieleza kwamba jeni moja ya kuonjea sukari imeharibika kwa paka, na kwa duma na chui milia vilevile. Ukimmegea biskuti, kinachomvuta ni siagi.

Paka ni mla nyama tangu kuumbwa kwake. Utumbo wake ni mfupi, na mate yake hayaanzi kuvunja wanga kama yanavyofanya mate yetu. Wali kidogo ulioiva vizuri hautamdhuru. Tatizo ni pale wali na mchuzi vinapokuwa ndiyo mlo wake wa kila siku: atajaza tumbo, lakini mwili utabaki na njaa. Na mchuzi wetu hauendi bila kitunguu na thomu. Hapa nawaomba sana, mama zangu. Kitunguu maji na kitunguu thomu, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Nyama ya kumpa paka itengwe kabla chungu hakijaungwa.

Sasa hivi vidonge. Chukua robo kilo ya nyama ya paja la kuku, bila ngozi wala mfupa, na mioyo mitatu ya kuku. Moyo usiuache, nitaeleza sababu. Vichemshe kwa maji machache mno, yasizidi nusu kikombe, bila chumvi wala bizari, mpaka viive kabisa. Boga lipike kwa mvuke, uliponde, utie vijiko viwili vya chakula. Ongeza yai moja. Ponda vyote kwa kinu au saga kwa blenda, ukirudishia yale maji ya kuchemshia. Finyanga vidonge vya ukubwa wa gololi, ukigawa vizuri utapata kama 100. Panga kwenye sufuria iliyopakwa mafuta kidogo sana, moto mdogo chini, makaa juu ya mfuniko, kama unavyopika mkate wa kumimina. Vikishika na kukauka nje, epua. Ndani ya friji vinakaa siku tatu, vingine vigandishe.

Moyo ni kwa ajili ya taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama. Ini la paka hutengeneza nyongo kwa kutumia taurini peke yake, na bila nyongo mafuta hayasagiki, lakini mwili wake unatengeneza taurini kidogo mno. Lazima aile. Mwaka 1987 Dkt. Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliougua moyo wa kutanuka walikuwa wamepungukiwa na kitu hiki, na walipopewa, mioyo yao ilipata nafuu. Taurini huyeyukia majini, ndiyo maana nikasema supu irudi kinuni, isimwagwe.

Boga lina nyuzinyuzi. Aliyefunga choo humlainishia, anayeharisha kidogo humkamatishia, na nywele anazojilamba husukumwa na choo badala ya kutapikwa kwenye zulia lako. Kidogo tu, lakini. Ukizidisha boga unamrudisha kwenye kuharisha.

Najua mnangoja nifike kwa dagaa. Dagaa wanafaa wakiwa wameiva, kwa siku moja moja. Baadhi ya samaki wadogo wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiua. Dagaa wakavu wa chumvi waloweke, umwage maji, kisha uwachemshe. Miiba ya samaki mkubwa na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kamwe: huvunjika ncha kali ikachoma utumbo.

Paka wa kilo nne anahitaji takriban kalori 200 kwa siku. Vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi, basi ni kalori 20. Kidonge kimoja hiki kina kama kalori nne. Kwa hiyo vitano kwa siku, vimetosha, hata akikulilia mlangoni. Siku ya kwanza mpe nusu kidonge, usubiri, uangalie choo chake kesho, kisha uongeze taratibu kwa wiki. Halafu maji. Asili ya paka ni wanyama wa nchi kame, hawana kiu kama mbwa, na choo kigumu mara nyingi ni ukosefu wa maji. Mimi vidonge huvirowesha kwa supu ya kuku kabla ya kuviweka chini.

Bibi aliyekaa mbele ananiuliza kuhusu tui la nazi, kwa kuwa halina sukari ya maziwa. Ni kweli halina, bibi yangu, lakini mafuta yake ni mengi, na mafuta mengi kwa mpigo huvuruga tumbo la paka. Yeye muachie samaki, tui tupikie chakula chetu.

Na kijana wa nyuma anasema paka wake anaharisha wiki ya pili, je, boga litamponya? Hapana, mwanangu. Kuharisha kukizidi siku moja au mbili, au ukaona damu, au kitoto chenye tumbo kubwa na mbavu za kuhesabika, hiyo huenda ni minyoo au ugonjwa. Mlete kwa daktari. Na paka asiyekula kabisa siku mbili usingoje ya tatu, hasa akiwa mnene, maana ini lake hujaa mafuta likashindwa kazi. Akipewa dawa ya minyoo, hapo ndipo vidonge hivi vinapofaa tena: kitoboe kimoja katikati, uifiche dawa ndani, umpe kwanza kitupu, kisha chenye dawa, kisha kitupu kingine haraka haraka kabla hajashtuka. Njooni mezani, kila mmoja achukue vitatu akamjaribie wake.