Weka maoni juu ya chati yenyewe kwenye Power BI

Karibuni tena. Leo niko Moshi, umeme umerudi, tusipoteze muda. Hapa nina ripoti ya Power BI, programu ya Microsoft ya kuonyesha takwimu kwa chati: kilo za kahawa zilizopokelewa kutoka Kibosho, Machame na Marangu. Takwimu nimezibuni mwenyewe kwa ajili ya mazoezi, msije mkazipeleka mnadani.

Ifungue ripoti kwenye kivinjari. Ile programu ya kutengenezea ripoti kwenye kompyuta haina sehemu ya maoni, na watu huitafuta humo mpaka wanachoka.

Wewe mwenye ripoti, nenda kwenye mipangilio yake, tafuta panapohusu maoni, ruhusu, kisha hifadhi. Basi.

Sasa mimi ni msomaji. Naona nguzo ya Marangu, mwezi wa Septemba, imeporomoka. Napeleka mshale juu ya chati. Vidoti vitatu hivi hapa kwenye kona. Nabofya, nachagua kuongeza maoni, na upande wa kulia panafunguka pa kuandikia.

Ngoja kwanza! Usiandike kabla hujaangalia vichujio, yaani pale unapochagua ripoti ionyeshe msimu gani au eneo gani. Maoni yako yanahifadhiwa pamoja na vichujio ulivyoviacha. Mwenzako akiyabofya, ripoti inageuka iwe kama ulivyoiona wewe. Ukiwa umechuja msimu uliopita huku unauliza wa sasa, atakodoa macho bure. Yamenikuta: tulibishana kikao kizima kuhusu tani, kumbe kila mtu anatazama msimu wake.

Haya. Andika alama ya @, anza jina la mtu, mchague kwenye orodha; taarifa itamfikia kwa barua pepe. Ila kumtaja hakumpi ruhusa ya kuiona ripoti. Kama hana, mpe kwanza.

Swali liwe linajibika. Mimi naandika: “Marangu, Septemba: mzigo wa wiki ya mwisho umeingizwa?” Ukiandika “hii vipi?” utajibiwa “vipi nini?”, na hapo mmesharudi kwenye grupu la WhatsApp. Kumbuka pia kila mwenye ruhusa ya ripoti atayasoma, kwa hiyo mambo ya nani kachelewa kazini yaache humo humo kwenye grupu.

Natuma... Eeh, karani wangu wa mazoezi kajibu: magunia 40 yapo ghalani, hayajaingizwa. Ngoja tuyaingize, tuone nguzo itapanda mpaka wapi.